Gari "until seven" au "by seven"? Jibu kwa dada wa mapokezi anayechanganya maneno ya Kiingereza

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kwa wengine wanaopita hapa ngoja niueleze kwa kifupi. Huyu dada yuko mapokezi kwenye loji moja Arusha, ana miezi mitatu kazini. Juzi usiku mgeni kamuuliza gari ya kumpeleka Ngorongoro itafika saa ngapi, akamjibu "The car will be here until seven". Kichwani mwake alikuwa anasema gari itakuwa hapa mpaka saa moja, yaani ikigonga saa moja itakuwa imeshafika. Mgeni yeye akaelewa gari inakuja mapema, inasimama pale, na saa moja inaondoka, kwahiyo akashuka na mabegi yake saa kumi na mbili na nusu, akakuta uwanja mtupu, akajua ameachwa. Ikawa kelele, meneja akaitwa, na gari yenyewe ikaja saa moja kasoro dakika tano, kwa muda wake kabisa. Sasa anauliza kama kuna listi ya maneno yote ya Kiingereza yanayofanana maana ili ayakariri, mana borrow na lend, say na tell, steal na rob, win na beat, tall na high, look na watch, yote kamusi inamwambia ni kitu kilekile. Alafu kuna emeili ya mgeni wa Ijumaa haijatumwa mpaka leo, kwasababu mwenzake kamwambia neno "expecting" ni la wajawazito.

Listi za hivyo zipo nyingi tu, na ntakwambia huko chini kwanini hazitakusaidia. Kwanza tumalize la gari mana ndo linalokuuma.

Hukukosa kwasababu hujui Kiingereza, umekosa kwasababu "mpaka" yetu inabeba mizigo miwili. Ukisema "nitakaa hapa mpaka saa moja" unazungumzia hali inayoendelea, inaendelea, alafu inakatika saa moja. Ukisema "mpaka saa moja gari itakuwa imeshafika" unazungumzia tukio la mara moja, kufika, na saa moja ni ukomo tu, inaweza kufika kabla ila isivuke hapo. Sisi hatupati shida kwasababu kazi ya kutofautisha inafanywa na kitenzi, ile "itakuwa imesha" ndo inayokwambia ni tukio na sio hali. Mwingereza hiyo kazi kaipeleka kwenye neno dogo la katikati: hali inayoendelea hadi ikatike ni "until", tukio linalotakiwa liwe limeshatokea ni "by". Wewe ulivyosema "will be here until seven" umemwambia gari itakuwepo, itaendelea kuwepo, alafu saa moja haipo tena. Yule mgeni kakuelewa sawasawa na ulichosema.

Kipimo chake ni rahisi na kinafanya kazi karibu mara zote: sentensi yako ya Kiswahili ijaribu kwa "iwe imesha". Ikikubali, ni "by". Angalia matangazo mawili ambayo kwenye hoteli nyingi yanakaa ukuta mmoja, la kwanza linasema "Breakfast is served until ten" na la pili "Please check out by ten". La kwanza chai ipo, inaendelea kuwepo, saa nne inatolewa. La pili saa nne uwe umeshatoka chumbani, ukitoka saa mbili hakuna anayekudai kitu. Badilisha hayo maneno mawili uone: "Breakfast is served by ten" inakuwa chai italetwa kabla ya saa nne, kwahiyo mgeni atashuka saa nne akitegemea ndo inaanza, na atakuta meza zinafutwa.

Kwenye kukanusha "until" inarudi kufanana na mpaka yetu, "gari haiji mpaka saa moja" ni "The car won't come until seven", hapo usiogope kabisa. Na kwa kuwa saa moja yetu ni ya kwenye saa na ni ya muda pia, shika na hii: "in an hour" ni baada ya lisaa limoja, "within an hour" ni ndani ya lisaa limoja, haitavuka.

Sasa nije kwenye hilo kubwa. Wanafunzi wengi sana niliowafundisha, wa sekondari na wa hoteli, wanaamini kwamba Kiingereza kina maneno mengi yenye tofauti ndogondogo na Kiswahili hakina, kwahiyo inabidi waanze kujifunza tofauti ambazo hawajawahi kuzijua tangu wazaliwe. Sio kweli. Sehemu kubwa ya hizo tofauti unazijua tangu mtoto na unazitumia kila siku bila kukosea, ila Kiswahili kinaziweka mkiani mwa kitenzi, au kwenye kile kisilabi cha mtu kinachokaa katikati ya kitenzi, wakati Mwingereza anabadilisha neno zima. Kamusi inakupa shina la neno peke yake, mkia umekatwa, ndo maana unaona maneno yote ni kitu kimoja.

Chukua wizi. Kamusi itakwambia "steal" ni kuiba na "rob" ni kuiba, basi imeishia hapo. Lakini wewe ukiporwa simu stendi huwezi hata siku moja kusema "nimeibwa", utasema "nimeibiwa". Nimeibwa maana yake mimi mwenyewe nimebebwa nikapelekwa kusikojulikana, nimeibiwa maana yake kitu changu ndo kimeondoka. Hiyo "i" moja ndo tofauti ya steal na rob: kinachokuwa stolen ni kitu, anayekuwa robbed ni mtu, au mahali kama benki na duka. Kwahiyo ule msemo tunaousikia kila siku, "I was stolen my phone", ni nimeibwa iliyovaa suti. Sema "My phone was stolen", au "Someone stole my phone". "I was robbed" nayo ni sahihi, ila jua kwamba masikioni mwa mgeni mara nyingi inaleta picha ya mtu aliyetishiwa au kukabwa, ataanza kukuuliza umeumia wapi. Kama ni wa kuchomolewa mfukoni kwenye daladala bila kujua, kaa na "stolen".

Ukishaiona hiyo utaiona kila mahali. "Say" ni sema na "tell" ni ambia. Jaribu kutamka "niliambia kwamba nimechelewa" bila kuweka mtu ndani, ulimi unakataa, lazima uwe "nilimwambia" au "niliwaambia". Na "tell" ni hivyohivyo, inataka mtu amfuate palepale nyuma: "I told him". "Say" kama sema haimtaki mtu: "I said I was late", na ukitaka kumtaja unamletea "to", "I said to him". Kwahiyo "He said me" inamkera Mwingereza vilevile "alinisema kwamba amechelewa" inavyokukera wewe, mana kwetu kunisema ni kitu kingine kabisa. Zipo chache ambazo "tell" inatembea bila mtu, "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time", hizo ni za kuzoea tu, ukweli, uongo, hadithi na saa.

Kumbuka na kumbusha ni "remember" na "remind". Ukimwambia mwenzako wa zamu "Remember me to call room six" umemwambia akukumbuke, ukitaka akukumbushe ni "Remind me". Jifunza na fundisha, "learn" na "teach", usije ukasema "He learned me English". Panga nyumba na pangisha nyumba, mpangaji ana-rent na mwenye nyumba ana-let, ingawa Wamarekani kwa mwenye nyumba nao wanatumia "rent" ileile na kuongeza "out" nyuma yake.

Borrow na lend zinasumbua zaidi ya zote na sababu yake ni hii, "kuazima" ni moja ya vitenzi vichache ambavyo Kiswahili chenyewe hakijaweka mkia. Nimeazima mwavuli kwa jirani, jirani kaniazima mwavuli, neno lilelile linaenda na kurudi. Kwahiyo mgeni anakwambia "Can I borrow an umbrella?" na wewe unamjibu "Yes, I can borrow you one", mana kwako ni azima na azima. Dawa yake achana na kuazima kabisa kichwani, weka kukopa na kukopesha badala yake, hivyo vina mkia. Kukopa ni "borrow", kitu kinakuja kwangu. Kukopesha ni "lend", kitu kinatoka kwangu. Mgeni anakopa mwavuli, mimi namkopesha: "I can lend you one". Najua mwavuli haukopwi, ila kwa ajili ya kupima tu inakaa vizuri na haijawahi kumwangusha mwanafunzi wangu hata mmoja aliyeishika. Na Mmarekani akikwambia "Can you loan me an umbrella?" hajakosea, kwao "loan" kama kitenzi ni ya kawaida.

Alafu kushinda. Hii haina mkia ila ina mtu katikati: "Simba wameshinda mechi" ni "won", "Simba wamemshinda Yanga" ni "beat". Ukiona huyo "m" kaingia ndani ya kitenzi ujue ni beat. Kombe, mechi, bahati nasibu, unazi-win. Mpinzani una-m-beat. "We won Kenya" maana yake tumepewa Kenya kama zawadi.

Niwe mkweli, kipimo hiki cha mtu kina mahali kinapopasuka, na panapopasuka zaidi ni "explain". Sisi tunasema "nieleze", mtu yumo ndani, kwahiyo tunatoka na "Explain me". Kiingereza kinakataa, ni "Explain to me" au "Explain it to me". Hivyohivyo "suggest": "nipendekezee hoteli" sio "suggest me a hotel". Hizi mbili ziandike pembeni kwasababu kwenye mapokezi utazihitaji kila wiki.

Hayo ndo ya mkia. Kuna kundi lingine ambalo mkia hausaidii, na hili ndo tamu zaidi kwangu, la maneno yanayochagua marafiki.

Angalia neno letu "kali". Mbwa mkali, kisu kikali, mwalimu mkali, jua kali, pilipili kali, maumivu makali, dawa kali, sheria kali. Neno moja na wala hatujioni kama tunachanganya kitu. Mwingereza hapo ana mbwa "fierce", kisu "sharp", mwalimu "strict", jua "hot", pilipili "hot" hiyohiyo, maumivu "severe" au "sharp" kutegemea yanachoma au yamejaa tu, dawa "strong". Sasa ukimuuliza tofauti ya fierce na strict na severe kwa kutoa maana ya kila moja utahangaika mpaka jioni, mana zote zina ukali ndani. Tofauti yao iko kwa jirani anayekaa naye. Kuna mtaalamu wa lugha wa Uingereza, J. R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao, na mimi katika kufundisha sijaona ushauri ulionisaidia kuliko huo. Usikariri "severe ni kali". Kariri "severe pain" kama kitu kimoja, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha na jua linawaka, hukuwahi kukaa chini kujiuliza kwanini jua halinyeshi.

"Refu" ni hivyohivyo. Mtu mrefu, mlima mrefu, kamba ndefu, shimo refu, na kule ziwani tunasema kina kirefu. Kiingereza kinagawa kwa umbo. Kitu chembamba kilichosimama kutoka miguuni hadi kichwani, mtu, mti, twiga, jengo, mnara, ni "tall". Kitu ambacho unahesabu kiko umbali gani kutoka chini, au ni kipana na kimeinuka tu, ukuta, dari, mlima, rafu ya juu, ni "high". Kilicholala au kinachonyooka, kamba, barabara, nywele, ni "long". Kinachoshuka chini ni "deep". Kwahiyo mgeni akikuuliza habari za Kilimanjaro mwambie "It is the highest mountain in Africa, 5,895 metres". Utasikia na wenye lugha yao wanasema "tallest mountain", hawajafanya dhambi, ila highest ndo inayokaa vizuri zaidi kwa mlima. Kwa mtu lakini hakuna kujadiliana, "He is high" maana yake amelewa bangi au kitu cha namna hiyo, na mgeni ukimwambia mumewe ni "very high" utaona uso wake. Na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ni "the deepest lake in Africa", la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi.

Kuona na kuangalia nitapita haraka kwasababu hapo Kiswahili kinakubeba vizuri. Kuona ni "see", macho yamekutana na kitu tu. Kuangalia kumegawanyika mara mbili: kitu kimetulia, picha, ramani, menyu, ni "look at", na hiyo "at" usiisahau, kitu kinachotembea au kinachoendelea, mpira, runinga, watoto wanaogelea, ni "watch". Kusikia na kusikiliza ni "hear" na "listen to", mkia umerudi tena. Tahadhari yangu iko kwenye kusikia tu. Sisi tunasikia kila kitu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia usingizi, tunasikia maumivu. Mwingereza "hear" yake ni ya masikio peke yake. Njaa na usingizi ni vitu unavyokuwa: "I am hungry", "I am sleepy". Baridi unakuwa nayo au unaihisi, "I am cold", "I feel cold". Maumivu ni "feel", harufu ni "smell". Mgeni akikwambia ana shida na bafu usimwambie "I hear a bad smell".

"Kazi" nayo inaleta makosa mengi kwenye barua za kuomba kazi. "Job" inahesabika, "a job, two jobs", ni ile ajira yenyewe. "Work" haihesabiki, ni shughuli, ni jasho, kama maji au unga. "I have many works today" ni sawa na kusema nina maunga mengi. Sema "I have a lot of work today".

Na "nyumba" na "nyumbani", hii naipenda sana, ni "house" na "home", na ona inavyoenda sambamba mpaka mwisho: sisi tukishaweka "ni" hatuhitaji tena kusema "kwenye", naenda nyumbani, basi. Mwingereza naye "go home" haina "to", wakati "go to the house" inayo.

Kundi la mwisho ni maneno ambayo maana inafanana kweli ila nguo zake ni tofauti. Hili unahitaji historia kidogo. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka kaskazini ya Ufaransa waliivamia Uingereza wakashinda vita ya Hastings, na kwa miaka mingi baada ya hapo wakubwa wa ikulu na mahakama walikuwa wanaongea Kifaransa huku wananchi shambani wanaongea Kiingereza. Na wasomi na makasisi walikuwa wanaandika Kilatini. Ndo maana kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matatu, la wananchi, la wakubwa na la wasomi. "Ask" ni la wananchi, "question" limekuja na Kifaransa, "interrogate" ni la Kilatini. Linganisha na sisi, kuuliza ni Kibantu chetu cha nyumbani, kuhoji limetokana na Kiarabu, na yote mawili ni kuuliza, lakini polisi wakikuhoji hujisikii kama umeulizwa njia. Hivyohivyo kufa na kufariki, la pili limetoka Kiarabu kwenye kutengana, na kila Mswahili anajua ng'ombe anakufa na mzee wetu anafariki. Hiyo hisia uliyonayo kwa kufa na kufariki ndo ile Mwingereza anayo kwa "begin" na "commence", kwa "help" na "assist", kwa "buy" na "purchase". La kwanza ni la mezani, la pili ni la karatasini. Mgeni ukimwambia "Can I ask you something?" anatabasamu, ukimwambia "Can I interrogate you?" anajiona yuko kituoni.

Hata kwenye menyu yenu ipo. Mnyama akiwa zizini ana jina la mkulima, "cow", "pig", "sheep", akifika mezani ana jina la Kifaransa, "beef", "pork", "mutton". Kwahiyo usiandike "cow meat". Kuku yeye yupo salama, "chicken" kote kote.

Sasa ndo nakwambia kwanini listi hazikufai. Kitabu maarufu cha kupanga maneno yanayofanana maana kilitoka London mwaka 1852, kilitengenezwa na daktari mmoja anaitwa Peter Mark Roget, ambaye alianza kujipangia maneno yake tangu 1805 kwa matumizi yake mwenyewe. Angalia hapo, alikuwa anajipangia yeye, mtu ambaye Kiingereza ndo lugha yake ya nyumbani, anajua tofauti zote ila neno limemtoka kichwani anataka kulikumbuka. Kwa mtu kama huyo maneno kumi yakipangwa kwenye mstari mmoja anachagua. Wewe ukipewa ask, question, interrogate, enquire, quiz kwenye mstari mmoja utaona kama umepewa ruhusa ya kutumia yoyote. Programu za simu zinazobadilisha maneno ili barua yako ionekane ya kisomi zinafanya hivyohivyo, na nimeona barua za vijana wazuri kabisa zimeharibika kwa namna hiyo.

Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni wa lugha. Mmoja wa waanzilishi wa kamusi za namna hiyo, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, kamusi yake ilitoka Tokyo mwaka 1942 na Oxford wakaichapa tena 1948. Nguvu yake ni kwamba aliandika akiwa anajua mgeni anakosea wapi, kwahiyo inakuonyesha kitenzi kinafuatwa na nini, mtu au kitu, na "to" au bila "to". Mpaka leo kamusi za wanaojifunza zinafanya hivyo, na nyingi zipo bure kwenye intaneti. Ukifungua "lend" usisome maana, nenda moja kwa moja kwenye mifano. Na daftari lako usiandike neno na tafsiri yake, andika sentensi nzima uliyoihitaji kazini siku hiyo, sentensi mbili tu kwa siku zinatosha, na upande wa pili andika ulivyotaka kusema kwa Kiswahili pamoja na mkia wake wote.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila nakijua kwasababu watu wa mapokezi wote wanacho. Mgeni amesimama mbele yako, wewe unaenda ofisini kumchukulia funguo, unamwambia "I'm coming" alafu unampa mgongo na kuondoka. Kwetu "nakuja" ni ahadi ya kurudi, mtu mzima hawezi kuondoka bila kuisema. Kwa mgeni "I'm coming" ni ya mtu anayesogea kuelekea kwake, kwahiyo anakushangaa unasema unakuja huku unaenda. Sema "I'll be right back". Ila akikuita kwa simu kutoka chumbani na wewe ndo unaelekea huko, "I'm coming" ni sahihi kabisa.

Na emeili ya Ijumaa. Mwenzako kasikia nusu. "I am expecting" ikiishia hapo, bila kusema nini, ndo mtu anaelewa una mimba. Ikifuatwa na kinachotegemewa inakuwa ya kawaida kabisa, "We are expecting you on Friday", yaani jina lako lipo kwenye kitabu, tunajua unakuja. "We hope to see you on Friday" ingekuwa tunatamani uje ila hatuna uhakika, na mtu ameshalipa chumba ukimwandikia hivyo ataanza kuwa na wasiwasi na pesa yake. "Expect" ni ya mwenye sababu ya kuamini, "hope" ni ya mwenye hamu tu, unaweza ku-expect mvua usiyoitaka ila huwezi kui-hope. Barua yako iko sawa kama ulivyoiandika, itume, na chini yake ongeza "Your car will be here by seven on Saturday morning".